Kitenzi “defer”: maneno mawili katika umbo moja

Kila juma magazeti ya kwetu yanayoandikwa kwa Kifaransa hutuarifu kwamba mtuhumiwa fulani “a été déféré au parquet”. Maana yake haina fumbo: polisi wamemaliza kumhoji, wamemfikisha mbele ya mwendesha mashtaka. Mpe sasa mwanafunzi wa Kiingereza sentensi hiyo aitafsiri. Kishawishi cha kwanza ni kuandika “the suspect was deferred to the prosecutor”. Tahajia ni sahihi, na kila neno linafanana na ndugu yake wa Kifaransa. Lakini msomaji wa Kiingereza atasimama hapo na kujiuliza: mtu huyo ameahirishwa namna gani? Kiingereza kinataka “was brought before the prosecutor”, au maneno mengine yanayosema waziwazi kwamba mtu amefikishwa mahali.

Kishawishi hicho hakitokani na uvivu. Kinatokana na elimu: anayejua Kifaransa vizuri ndiye anayeingia mtegoni kwanza, kwa sababu “déférer” na “defer” ni ndugu kweli. Shida ni kwamba kitenzi hiki cha Kiingereza si neno moja. Ni maneno mawili yaliyotoka sehemu mbili, yakakutana njiani, yakavaa umbo moja. Kamusi kubwa za Kiingereza, kama ile ya Oxford na ile ya Merriam-Webster, huyaandika chini ya vichwa viwili tofauti. La kwanza maana yake ni kuahirisha. La pili maana yake ni kumpisha mwingine, kuacha rai yako ukafuata ya kwake. Makala hii inaeleza yalikotoka, namna ya kuyatenga, na sababu ya sisi tunaosoma Kiingereza kupitia Kifaransa kuhitaji uangalifu zaidi ya wengine.

Mzizi mmoja, mizigo miwili

Maneno yote mawili yanatokana na kitenzi cha Kilatini “ferre”, yaani kubeba, kuchukua au kuleta. Tofauti imo katika kiambishi cha mwanzo.

La kwanza ni “differre”. Kiambishi “dis-” kinaonyesha kutengana, vitu kwenda huku na huku. Kwa hiyo “differre” ilikuwa kwanza kubeba vitu kwenda pande mbalimbali, kuvitawanya. Kutoka hapo maana ilitembea kwa njia mbili. Ukilichukua jambo na kulipeleka mbali na siku yake, umeliahirisha. Na vitu viwili vikielekea pande mbalimbali, vinatofautiana. Warumi wenyewe walikitumia kitenzi hicho kwa maana zote mbili.

La pili ni “deferre”. Kiambishi “de-” kinaonyesha kushuka au kutoka mahali. Kwa hiyo “deferre” ilikuwa kuteremsha mzigo, kuupeleka mahali fulani, kuukabidhi kwa mtu. Katika mahakama za Roma, kupeleka jina la mtu kwa hakimu kulikuwa ndiko kumshtaki. Neno la Kifaransa “déférer”, tunalolisoma magazetini, bado limebeba harufu ya mahakama hizo. Maana ya kuridhia ilizaliwa papo hapo: ukimpelekea mtu shauri, unamwachia aliamue, na ukimwachia aliamue, umekubali kwamba neno lake litapita lako.

“Ferre” ni kitenzi kisichofuata kanuni. Umbo lake la kutendwa ni “latus”, lisilofanana hata kidogo na “ferre”. Ndiyo maana Kiingereza kina jozi za ajabu kama “transfer” na “translate”, “refer” na “relate”, “confer” na “collate”. Kwa vitenzi vyetu viwili, Kifaransa kimetuhifadhia alama nzuri za kumbukumbu. Kutoka “dilatus”, la “differre”, tumepata “dilatoire”, neno ambalo mawakili hulitumia kwa mbinu za kuchelewesha kesi. Kutoka “delatus”, la “deferre”, tumepata “délateur”, yule anayepeleka jina la mwenzake kwa wakubwa. Mcheleweshaji na mchongezi: anayekumbuka watu hawa wawili hatasahau kwamba mizizi ni miwili. Ila tahadhari moja: “dilate” ya Kiingereza, kupanuka, haimo katika ukoo huu. Hiyo imetoka katika neno lingine la Kilatini lenye maana ya upana.

Namna urithi ulivyogawanywa

Kilatini kilimwachia Kifaransa vitenzi hivyo, na Kifaransa kikavitunza mbalimbali. “Différer” ilibaki na maana mbili, kutofautiana na kuahirisha. Anayetazama mpira anaijua maana ya pili bila kufundishwa: mechi inayoonyeshwa “en différé” ni ile iliyokwisha kuchezwa. “Déférer” nayo ilibaki na maana ya kumfikisha mtu au jambo mbele ya mamlaka, pamoja na ile ya kukubali matakwa ya mtu kwa heshima.

Kiingereza kilivipokea vitenzi hivyo kutoka Kifaransa cha zamani. Kile cha kuahirisha kiliingia katika karne ya 14, na kile cha kuridhia katika karne ya 15. Mwanzoni waandishi waliandika cha kwanza mara kwa “i”, mara kwa “e”, wala hawakutenganisha kutofautiana na kuahirisha. Baadaye lugha ikakata kitenzi hicho vipande viwili. Kutofautiana kulibaki na “differ”, mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza. Kuahirisha kukabaki na “defer”, mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho. Lakini umbo “defer” lilikuwa limekwisha kupata mpangaji mwingine, yule aliyetoka “deferre”. Tangu hapo wawili hao wanaishi nyumba moja.

Linganisha basi lugha hizi mbili. Kifaransa kinaunganisha kutofautiana na kuahirisha katika neno moja, na kinaweka kuridhia kando. Kiingereza kinaunganisha kuahirisha na kuridhia katika umbo moja, na kinaweka kutofautiana kando. Urithi ni uleule, lakini ukuta umejengwa mahali pengine. Ndiyo maana kanuni ya kubadilisha neno kwa ndugu yake, inayotusaidia kwa “information” na “nation”, hapa inatuangusha.

Wanafalsafa pia wamekutana na ukuta huo. Mwaka 1968 Jacques Derrida alitoa mhadhara Paris juu ya neno alilolibuni, “différance”, lenye “a” mahali pa “e”. Hoja yake ilisimama juu ya maana mbili za “différer”: kwamba maana ya ishara hutokana na kutofautiana kwake na ishara nyingine, na kwamba maana hiyo haifiki yote kwa mara moja, huahirishwa daima. Katika Kifaransa kitenzi kimoja kinabeba yote mawili. Mfasiri wa Kiingereza analazimika kushika “differ” kwa mkono mmoja na “defer” kwa mwingine, kisha amweleze msomaji kwamba zamani yalikuwa neno moja.

Jinsi ya kuyatambua katika sentensi

Bahati nzuri sarufi inatupa msaada. Kitenzi cha kuahirisha kinahitaji yambwa: kuna kitu kinachoahirishwa. “They deferred the examination” maana yake waliahirisha mtihani. Kikifuatwa na kitenzi kingine, hicho huchukua umbo la “-ing”: “she deferred making a decision”. Na wakati mpya ukitajwa, mara nyingi tunaona “until”.

Kitenzi cha kuridhia hakina yambwa ya moja kwa moja. Kinahitaji “to”, na baada ya “to” anakuja mtu, cheo, au rai ya mtu: “he deferred to his elder sister”, “we defer to your judgement”. Hakuna kilichosogezwa mbele. Kuna mtu aliyepishwa.

Hatari iko pale “to” inapotumika katika sentensi yenye yambwa. “The decision was deferred to Monday” ni kuahirisha, kwa kuwa Jumatatu ni wakati. “The dean deferred to the committee” ni kuridhia: mkuu wa kitivo ameifuata kamati. Lakini “the decision was deferred to the committee” inamyumbisha hata msomaji mzoefu. Je, uamuzi umeahirishwa mpaka kamati ikutane, au umekabidhiwa kwa kamati? Mwandishi makini ataepuka sentensi hiyo. Akitaka kusema umekabidhiwa, ataandika “referred”.

Nomino nazo zimegawana kazi. “Deferment” ni ya kuahirisha. “Deference” ni ya kuridhia, pamoja na kivumishi chake “deferential”, kinachomhusu mtu mwenye unyenyekevu mbele ya wengine. “Deferral” kwa kawaida ni ya kuahirisha, ingawa tutaona hapa chini kwamba wanasheria wameipeleka pengine. Katika tahajia, fuata mkazo. Mkazo ukibaki kwenye “-fer”, herufi “r” hurudiwa: “deferred”, “deferring”, “deferral”. Mkazo ukihama, “r” hubaki moja: “deference”. Kwa “differ” mkazo haufiki kamwe kwenye “-fer”, ndiyo maana tunaandika “differed” na “differing”.

Inafaa pia kutenga vitenzi hivi na jirani zao. “Delay” inaweza kutokea bila mtu kupenda: mvua huchelewesha ndege. “Defer” ni uamuzi. Kuna aliyekaa akasema jambo hili lingoje. Vilevile “obey” ni kutii amri, lakini “defer to” haihitaji amri yoyote. Kijana aliyesoma anaweza kuwa na jibu mdomoni katika kikao cha ukoo, lakini akampisha mzee aseme kwanza. Hakuamriwa kunyamaza. Amepima umri na uzoefu, akaona neno la mwingine litangulie. Hiyo ndiyo “deference”.

Neno linapobeba maisha ya watu

Mwanafunzi anayeomba nafasi ng’ambo atakutana na kitenzi cha kwanza mapema. Katika vyuo vikuu vya Uingereza, “deferred entry” ni kwamba umekubaliwa, ila utaanza mwaka unaofuata. Katika vyuo vya Marekani vinavyopokea maombi ya mapema, kuambiwa kwamba ombi lako ni “deferred” ni habari nyingine: hukukubaliwa, hukukataliwa, ombi lako litasomwa tena pamoja na ya wengine. Kule ni mwanafunzi anayeahirisha. Huku ni chuo kinachomwahirisha mwanafunzi. Anayesoma barua hiyo haraka anaweza kusherehekea kabla ya wakati, au kulia bure.

Katika vituo vya kutoa damu, mtu asiyeweza kutoa damu leo kwa sababu ya homa au dawa anayotumia huitwa “deferred”: arudi baadaye. Lakini watumishi wa vituo hivyo husema pia “permanent deferral”, kwa mtu ambaye hatatoa damu tena kamwe. Kuahirisha kusiko na siku ya kurudi ni kukataa kwa lugha ya upole.

Mfano mzito zaidi ni wa Marekani. Mwaka 2012 serikali ya Barack Obama ilianzisha mpango uitwao “Deferred Action for Childhood Arrivals”, kwa vijana waliopelekwa nchini humo wakiwa watoto bila vibali. Soma jina hilo kwa makini: “deferred action”. Mpango haukuwapa uraia wala haki ya kudumu ya kukaa. Uliahirisha tu hatua ya kuwafukuza, kwa kipindi cha miaka 2 kinachoweza kuongezwa. Mamia ya maelfu ya watu wamejenga maisha yao, masomo na kazi, juu ya kitenzi kilichotokana na “differre”.

Kitenzi cha pili nacho kimetikisa sheria za nchi hiyohiyo. Mwaka 1984, katika kesi inayojulikana kwa jina la Chevron, Mahakama Kuu ya Marekani iliweka kanuni kwamba sheria isipokuwa wazi, majaji wafuate tafsiri ya idara ya serikali inayohusika, mradi tafsiri hiyo ina mantiki. Kanuni hiyo iliitwa “Chevron deference”. Mwaka 2024 mahakama hiyohiyo iliifuta katika kesi ya Loper Bright. Swali lililogombewa kwa miaka 40 lilikuwa ni hili: nani ampishe nani katika kusoma maana ya maneno ya sheria?

Mkataba wa Roma: vitenzi vyote viwili mahali pamoja

Kwa sisi wa Kongo, mahali pazuri pa kuona jambo hili lote ni Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoiita CPI. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2002, na mwaka 2004 serikali yenyewe iliipelekea mahakama hiyo mambo yaliyokuwa yakitendeka nchini. Mkataba umeandikwa katika lugha 6 zenye uzito sawa, Kifaransa na Kiingereza zikiwa miongoni mwazo. Ukiweka nakala hizo mbili kando kwa kando, utapata somo zima la isimu linganishi.

Kifungu cha 14 kinasema nchi mwanachama inaweza kumpelekea Mwendesha Mashtaka hali fulani aichunguze. Kifaransa kinatumia “déférer”. Kiingereza hakitumii “defer” hata kidogo, kinatumia “refer”. Kwa hiyo Kongo mwaka 2004 “a déféré” hali yake, lakini kwa Kiingereza “referred” hali hiyo. Anayeandika “Congo deferred the situation” amegeuza historia: anasema nchi iliahirisha jambo ambalo kwa kweli ililipeleka.

Kifungu cha 16 kinalipa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa uwezo wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka kwa miezi 12, muda unaoweza kurudiwa. Kichwa chake cha Kiingereza kina neno “deferral”, na hapo maana ni kuahirisha. Kifaransa kinasema “sursis”. Majirani zetu wa Kenya walilisikia neno “deferral” sana mwaka 2013, nchi za Afrika zilipoomba kesi za viongozi wao ziahirishwe kwa kifungu hicho. Mwezi wa Novemba azimio hilo lilipata kura 7 za ndiyo, na wajumbe 8 hawakupiga upande wowote. Zilihitajika kura 9, kwa hiyo halikupita.

Kifungu cha 18 kinageuza ukurasa. Nchi ikisema kwamba yenyewe inawachunguza raia wake, Mwendesha Mashtaka anapaswa, kwa Kiingereza, “defer to” uchunguzi wa nchi hiyo, isipokuwa majaji wakiamua vingine. Hapa hakuna tarehe mpya. Hapa mkubwa anaipisha nchi ifanye kazi yake. Ni mwana wa “deferre”, na safari hii Kifaransa nacho kinatumia “déférer”. Tena kifungu hichohicho, kwa Kiingereza, kinakiita kitendo hicho “deferral”, nomino ileile ya kifungu cha 16. Vifungu viwili tu vinatenganisha “deferral” ya kusogeza wakati na “deferral” ya kukabidhi kazi. Mfasiri asiyejua kwamba maneno ni mawili atawaambia watu wa Ituri kwamba kesi imeahirishwa, wakati imekabidhiwa kwa mahakama za nyumbani. Kwa anayengoja haki, habari hizo mbili hazilingani.

Kiswahili kama kipimo

Hapa ndipo lugha yetu inapotusaidia kuliko Kifaransa. Kiswahili hakina neno moja linalofunika maana zote mbili za “defer”. Kwa maana ya kwanza tuna kuahirisha, kusogeza mbele, kuchelewesha kwa makusudi. Kuahirisha chenyewe kina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa nyuma au mwisho, uleule uliotupa ahera. Kwa maana ya pili tuna kumpisha mtu, kumwachia neno, kuridhia rai yake, kukubali kauli yake. Hakuna msemaji wa Kiswahili atakayechanganya kuahirisha na kupisha.

Tumezoea kufanya Kifaransa kiwe daraja la kwenda Kiingereza, kwa sababu vitabu vyetu na masomo yetu vimepangwa hivyo. Kwa kitenzi hiki daraja hilo limepinda. Ukikuta “defer” katika matini, usikimbilie “différer” wala “déférer”. Jaribu kwanza kusema sentensi nzima kwa Kiswahili. Swali litakuja lenyewe: ni kitu kinachosogezwa, au ni mtu anayepishwa? Ukijibu hilo umekwisha kujua ni lipi kati ya maneno mawili lililo mbele yako. Na ukitoka upande wa Kifaransa, ukakutana na mtuhumiwa aliye “déféré au parquet”, Kiswahili kitakuambia amefikishwa, si kwamba ameahirishwa. Tafuta basi kitenzi cha Kiingereza cha kufikisha, umwachie “defer” kazi zake mbili.